MASHINE YA UPEPO SI KITU CHA MCHEZO





Zamani baiskeli ilipoishiwa upepo tuliinama na pampu ya mkono, jasho likatutoka, na tairi likajaa polepole. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu sheria ya mwaka 2005 iliyoanzisha Wakala wa Nishati Vijijini nchini Tanzania, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi ambavyo havikuujua umeme. Na palipo na umeme hapakosi mtu mwenye mashine ya kujaza upepo, ile tuiitayo kompresa. Utaiona chini ya mwembe karibu na kijiwe cha bodaboda. Utaiona kwa seremala apulizaye vanishi, na kwa fundi apakaye rangi magari na mageti.

Ni chombo kizuri. Kimewapa vijana wetu kazi ya halali na chakula cha kila siku. Basi sikusudii kukisema vibaya. Nakusudia kusema nawe uliye nacho, nawe mzazi ambaye mtoto wako hupita karibu nacho kila atokapo shuleni, kwamba chombo hiki kina nguvu kubwa iliyojificha, na mtu asiyeijua nguvu hiyo aweza kuumia au kuumiza wengine.

Nina sababu ya kuandika. Parokia yetu ina karakana ndogo ya useremala, nayo ina kompresa ya umeme. Siku moja mwaka 2022 fundi mkuu wa karakana alikuja ofisini kwangu. Mimi ndimi karani wa parokia, na fedha za matumizi madogomadogo hupita mikononi mwangu. Akaniambia, “Mwalimu, vijana hawana miwani ya kukinga macho. Naomba minne tu.” Nikafungua kitabu cha fedha, nikamjibu, “Fundi, tuvumilie mpaka mwezi ujao.” Bei ya miwani mmoja haikufika bei ya kuku.

Haukupita mwezi. Jumamosi jioni, kazi imekwisha, kijana mmoja alikuwa amejaa vumbi la mbao toka kichwani hata miguuni. Mwenzake akashika mpira wa upepo, akamwambia kwa kucheka, “Simama nikufute, bwana arusi.” Akampulizia shati, akampulizia nywele. Kibanzi chembamba kama ncha ya sindano kikaruka kikamchoma jicho la kulia. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule. Waganga walijitahidi sana, lakini jicho lile leo huona mwanga tu, halitambui sura ya mtu. Matangazo yake ya ndoa yalikuwa yamekwisha somwa kanisani mara mbili. La tatu lilisomwa kesho yake, naye yuko wodini.

Sisemi haya ili nimlaumu yule mwenzake. Aliyesema “mwezi ujao” ni mimi.

Nguvu iliyo ndani ya tangi

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Mota ya umeme huzungusha puli na mkanda, nao huendesha pistoni ndani ya silinda. Pistoni ikishuka, hewa huvutwa ndani. Ikipanda, hewa hubanwa na kusukumwa katika tangi. Upepo ukijaa kiasi kilichowekwa, swichi ya presha huzima mota yenyewe. Upepo ukipungua, swichi hiyo huiwasha tena. Geji huonyesha nguvu ya upepo uliomo. Tena kuna valvu ya usalama, ile ndogo yenye pete ya kuvuta. Kazi yake ni moja tu: swichi ikiharibika na mota ikakataa kuzima, valvu hii ifunguke na kuutoa upepo kabla tangi halijapasuka.

Mashine nyingi ndogo huzima geji ifikapo 8 kwa kipimo cha bar, yaani kama pauni 116. Labda utasema, “Nane ni nini?” Sikiliza hesabu. Kila sentimeta moja ya mraba ya ukuta wa tangi husukumwa kwa uzito wa kilo 8 hivi. Kama kitako cha tangi kina upana wa sentimeta 30, basi kitako kizima kinasukumwa kwa uzito unaopita kilo 5,700. Ni sawa na magunia 57 ya mahindi, kila gunia kilo 100, yamepandana juu ya kitako hicho. Tangi zima hulivumilia. Je, tangi lililoliwa na kutu?

Na kutu huanzia ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Hewa tuvutayo ina unyevu. Ikibanwa kisha ikapoa, unyevu huo hugeuka maji, nayo hutuama chini ya tangi. Mwenye mashine aionapo rangi inang’aa kwa nje hudhani mambo ni mema, kumbe bati la chini linazidi kuwa jembamba mwaka hata mwaka.

Kwa hiyo shika haya matatu.

La kwanza, kila jioni mwaga maji. Chini ya tangi kuna koki ndogo au skrubu. Zima mashine, punguza upepo ubaki kidogo tu, fungua koki taratibu, acha maji machafu yatoke hata yaishe. Kazi hii haimalizi dakika tano.

La pili, usiizibe kamwe valvu ya usalama. Wako mafundi ambao valvu ikivuja huichomoa na kuweka bolti mahali pake, au huifunga kwa waya, wakisema upepo unapotea bure. Mtu afanyaye hivyo amelala na mlango wazi huku simba ananguruma. Valvu ikivuja, nunua nyingine ya kipimo kile kile kilichoandikwa juu yake. Tena ivute pete yake mara kwa mara, kama kitabu cha mashine kisemavyo, ili uone kwamba haikugandamana kwa kutu.

La tatu, tangi likianza kutoboka, hata kitundu kidogo kama cha sindano, maisha yake yamekwisha. Usilichomelee. Kitundu kimoja ni dalili kwamba pande zote za karibu zimekuwa nyembamba, na moto wa kuchomelea huzidi kulidhoofisha bati. Wataalamu wakitaka kulipima tangi hulijaza maji, kisha huyasukuma maji hayo kwa nguvu ipitayo ile ya kazi yake ya kila siku. Wanatumia maji kwa sababu maji hayabaniki kama hewa. Tangi likishindwa hupasuka na kuvuja, wala halirushi vipande.

Dunia ilijifunza mambo haya kwa machozi. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton, Marekani, tangi la mvuke la kiwanda cha viatu lilipasuka, nyumba ikaanguka na kuwaka moto, watu 58 wakafa. Baada ya msiba huo zikatungwa sheria za kutengeneza na kukagua matangi yenye nguvu ndani yake. Kwetu Tanzania Bara iko Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala uitwao OSHA unaosimamia mambo hayo. Mwenye karakana asiwaone wakaguzi kuwa maadui. Wanakagua ili watu wake warudi nyumbani wazima.

Umeme

Mota inapoanza kuzunguka hula umeme mara kadhaa kuliko inapokwisha kushika mwendo. Ndiyo maana taa za nyumba hufifia kidogo uiwashapo. Basi usiiunganishe kwa waya mwembamba wa redio, wala kwa waya mrefu uliofungwafungwa na nailoni. Waya kama huo hupata moto, na umeme ufikao kwenye mota huwa dhaifu. Ukitaka kufika mbali na soketi, refusha mpira wa upepo, si waya wa umeme.

Ukiwasha ukasikia mota inanguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Pengine umeme ni mdogo, pengine kifaa cha kuiwashia kimeharibika. Ukiiacha inangurume, itaungua.

Plagi iwe na miguu mitatu, na waya wa athi, yaani ule uendao ardhini, uwe umefungwa kweli. Wengine huukata kwa sababu soketi yao ina matundu mawili. Waya huo ndio mlinzi wako. Umeme ukivuja katika bati la mashine, hupita humo kwenda ardhini na kukata breka. Usipokuwapo, umeme hungoja mkono wako. Kazi ya kufunga nyaya mpe fundi mwenye leseni, usimpe jirani aliyejifunza kwa kutazama.

Usiiguse mashine kwa mikono yenye maji, wala usiiweke nje mvua ikinyesha. Umeme wa kijiji ukikatika, zima swichi ya mashine, maana umeme utakaporudi mashine itaanza yenyewe, labda mtoto ameweka kidole kwenye mkanda. Kava ya mkanda isitolewe kamwe. Kumbuka kwamba hata mashine iliyonyamaza haijalala. Upepo ukipungua itaamka bila kukuita. Kabla ya kuigusa kwa matengenezo, zima, chomoa plagi, kisha toa upepo wote hata geji isome sifuri.

Tena zima kwa swichi ya mashine yenyewe, si kwa kung’oa plagi. Ukizima kwa swichi utasikia sauti ya “tsss”. Huo ni upepo uliobaki juu ya pistoni unatolewa, ili mota ianze safari yake ijayo bila mzigo.

Upepo na mwili wa mtu

Hapa nawasihi vijana hasa. Msielekeze mpira wa upepo kwa mtu, wala kwa mwili wako mwenyewe, hata kwa mzaha. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Upepo uliobanwa waweza kupasua ngoma ya sikio. Waweza kurusha chembe na kuharibu jicho, kama nilivyokwisha kueleza. Waweza kupenya penye kidonda na kuingia chini ya ngozi, na hewa ikiingia katika mishipa ya damu yaweza kuleta kifo. Na uko mchezo mmoja mbaya mno: kumwekea mwenzako mpira wa upepo makalioni. Katika nchi mbalimbali wamekufa watu, hata watoto, kwa mchezo huo, kwa sababu upepo huingia na kupasua matumbo kwa muda mfupi kuliko wa kusema “acha”. Nguo haizuii. Aliyefanya hakutaka kuua, lakini mwenzake amelala kaburini.

Vumbi la nguo lifute kwa brashi au kitambaa. Ukilazimika kupuliza vumbi kwenye kifaa, vaa miwani, watu wakae mbali, na upunguze nguvu ya upepo. Huko Marekani kanuni za kazi hutaka upepo wa kusafishia uwe chini ya pauni 30, tena pawe na kinga ya kuzuia vipande virukavyo.

Yaangalie masikio pia. Mtu akaaye mchana kutwa karibu na kompresa inayonguruma hupoteza kusikia kidogo kidogo, wala hajui mpaka mkewe amlalamikie kwamba haitiki akiitwa. Iweke mashine mbali na benchi la kazi, au vaa vizibo vya masikio.

Kujaza matairi

Usijaze tairi kwa kupiga teke na kusikiliza mlio. Nunua geji. Pikipiki nyingi hutaka pauni kati ya 28 na 36 hivi. Kipimo cha kweli kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko chake. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya ukomo, usiipite. Kumbuka kwamba tangi lako lina pauni zaidi ya 100. Ukiusahau mpira kwenye tairi la baiskeli huku unazungumza na wateja, tairi litapasuka usoni mwa mtoto aliyekuja nalo.

Gurudumu la lori ni jambo jingine. Yako magurudumu yenye ringi ya chuma inayoshika tairi. Ringi hiyo isipokaa sawasawa huruka wakati wa kujaza, nayo huua. Gurudumu la namna hiyo lisijazwe ila ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, fundi akiwa amesimama pembeni. Asisimame mbele ya ubavu wa tairi, wala asilikalie juu. Kabla ya kulifungua, toa upepo wote kwa kung’oa sindano ya valvu. Na usichomelee rimu yenye tairi juu yake. Moto huongeza nguvu ya hewa iliyo ndani, hata tairi likalipuka kama bomu.

Itazame mipira yako. Mpira uliopasuka na kufungwafungwa kwa raba za tyubu ukichomoka hupiga kama mjeledi. Funga koki na toa upepo kwanza, ndipo uuchomoe.

Kupuliza rangi

Mvuke wa thina na rangi hushika moto upesi, na swichi ya mashine hutoa cheche kila iwakapo. Kwa hiyo mashine ikae mbali na mahali pa kupulizia, penye hewa safi, na pasiwe na sigara wala jiko. Fundi avae kinyago chenye chujio la mvuke. Kitambaa cha pua hakizuii. Rangi za magari zile zinazochanganywa na kigumuisho huweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Na mtu asidanganyike kuvuta upepo wa kompresa ili apate hewa, kama wafanyavyo wengine washukapo kisimani. Upepo ule waweza kuwa na mvuke wa oili na gesi ya sumu.

Ikiwa ajali imetokea

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu au chomoa plagi kwanza. Usipoweza, msukume kwa mti mkavu, nawe usimame mahali pakavu. Akiwa hapumui, mwite mwenzako alete gari, nawe anza kumbonyeza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu na upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache hata msaada ufike au apumue.

Moto wa umeme usiuzime kwa maji. Kata umeme, tumia mchanga mkavu au kizima moto cha unga.

Kitu kikichoma jicho, usikitoe wala usilisugue jicho. Lifunike bila kulikandamiza, mpeleke hospitali.

Aliyepigwa na upepo mwilini huenda kidonda chake kikaonekana kidogo kama alama ya kiroboto, au kisionekane kabisa. Usingoje kesho. Tumbo likiuma au kuvimba, au ngozi ikivimba na kulia kama karatasi uigusapo, mpeleke saa ile ile. Tena mwambie mganga ukweli wa jambo lilivyotokea. Wengi huficha kwa aibu, na aibu hiyo huwapotezea muda wa kuponywa.

Neno la mwisho

Ndugu zangu, Amri ya Tano haisemi tu juu ya panga na rungu. Yatutaka tutunze uhai wetu na wa jirani. Mwajiri anyimaye vijana wake vifaa vya kinga ili abakize shilingi, na afikiri katika dhamiri yake. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei iwe sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Naye alikuwa fundi, akamfundisha kazi Mwana aliyekabidhiwa na Mungu. Hatuwezi kudhani kwamba alimwacha Mtoto yule achezee patasi.

Enyi wazazi, mtoto wenu akipelekwa kujifunza kwa fundi, msiulize mshahara peke yake. Nendeni mkaione karakana. Itazameni plagi, itazameni kava ya mkanda, ulizeni miwani iko wapi. Fundi mwema hatakasirika.

Yule kijana alifunga ndoa miezi mitatu baadaye. Amerudi karakanani, naye ndiye atunzaye sanduku la miwani. Asubuhi humpa kila mtu wake, na jioni huihesabu. Mwaka jana nilipita pale kwa haraka kupeleka hati ya mbao, akanizuia mlangoni. “Shikamoo, mwalimu. Vaa kwanza, ndipo uingie.”

Nikavaa.

Mungu awalinde katika kazi zenu.